Chuma Ulichosema Unakwenda Kutafuta

Kaka Égide,

Mama bado anawaambia wageni kwamba ulikufa ukinitafutia chuma. Anasema bila kunitazama: "Ni ile vitu yao ya shule. Alienda Kanyosha juu ya chuma ya dada yake." Wageni wananigeukia, kisha wanaangalia vikombe vyao.

Unakumbuka tulivyobishana? Roketi yetu ya mashindano, chupa mbili za plastiki zilizoungwa, maji ndani, pampu ya baiskeli chini. Mapezi matatu ya mkiani yalikuwa tayari; ilibaki kuyagandisha yanyooke. Mimi nilitaka kibao cha seremala, chenye tundu la chupa na mifuo mitatu ya kuyashikilia. Wewe ukakataa. "We Odette, mbao inakunywa maji, kesho itapinda. Chuma ya kona haipindi. Unailaza kwenye chupa, unafuata ukingo, mustari unanyooka."

Nikakutania: "Sema tu unataka kutembea."

Ulicheka. Uliweza kucheka! Ukasema unakwenda Kanyosha kwa mchomeleaji. Hukurudi.

Nilikungoja hadi gundi ikakauka ndani ya kopo. Siku ya mashindano nilitumia kibao. Roketi ilipanda wima, haikuyumba hata kidogo, shule nzima ikapiga kelele. Chuma hakikuhitajika. Na wewe, uliyenifundisha kupima, ulijua.

Mwezi uliopita alikuja mwenzako wa Mutanga Nord, yule mliyesoma naye darasa moja. Amekonda. Kwa mama alisema tu kwamba uliuawa njiani kwenda Kanyosha. Nilipomsindikiza barabarani akaniambia yote: kwamba siku ile ile ulipanda milimani kwa waasi, kwa hiari yako, ukapigana, ukafia huko.

"Tulimuita Mupimaji," alisema, kama mwenye fahari. "Roketi zake zilikuwa zinaenda pale anataka."

Roketi. Neno letu, Égide.

Zilipoangukia hapa Kinanira, mama alinilalia mgongoni chini ya kitanda, akimwomba Mungu akulinde popote ulipo. Sijui kama zile zilikuwa zako. Sitajua kamwe.

Ungesema unakwenda kumwona msichana. Ungeondoka kimya. Lakini ulichagua kitu kimoja nisichoweza kukishuku, kazi yetu, ukapitia hapo. Na mimi ndiye niliyebaki na macho ya mama.

Jumamosi tunaganduka, kilio kinakwisha. Baba mdogo anataka nisimame mbele ya ukoo nieleze ulivyokufa kwa kumpenda dada yako. Sitasema hivyo. Kesho, mama akirudi kutoka misa, nitamketisha nimweleze, mimi na yeye tu. Pengine atanifukuza. Pengine atasema namchafua maiti.

Bado nakupenda, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Pumzika, kaka, kama unaweza. Nakuahidi hili: nitamwambia taratibu, bila kukutukana, na akianguka nitamdaka. Lakini uongo wako sitakubebea tena.

Odette