Yale ya Saa Kumi

Mama,

Arobaini yako imepita juzi na vyombo vya kuazima tumesharudisha vyote. Nimekaa barazani hapa Tabata nikuandikie, mie mkweo, kwa sababu kuna jambo limetokea kati yangu na wifi, na ningependa ulijue.

Jioni moja ulimwambia wifi mbele yangu, "Huyu ananingoja nife." Mkono ulikuwa umekakamaa, uso umekaza. Wifi aliniangalia, akachukua mkoba wake akarudi kwake Chang'ombe. Tangu hapo kila akija alikuwa akiuonja uji wako kabla hujaunywa. Nilimwambia mwanao narudi kwetu Tabora. Nguo nilishazifunga.

Kilichonizuia ni karatasi ya nesi wa kliniki. Alisema huo ugonjwa wako, Parkinson, hautetemeshi mwili tu, unapandisha na kushusha moyo pia. Kila saa niandike unajisikiaje, kuanzia moja, vibaya kabisa, mpaka tano, vizuri kabisa, na saa uliyomeza dawa. Nikaandika wiki nzima. Nikikuuliza unajisikiaje, unajibu, "Sijambo, mwanangu, alhamdulillah," hata meno yakiwa yameumana. Nikaweka tano, tano, tano. Daktari akaisoma, akasema mgonjwa huyu ni mzima kuliko yeye.

Nesi akacheka. Akaniambia mtu mzima wa Pwani ukimjulia hali atakujibu salamu tu. Akauliza, mkweo akiwa na raha huwa anafanya nini? Nikasema ananitania. Wewe Mzaramo, mie Mnyamwezi, na siku ya harusi yangu ulinionya kwamba kwenye utani hakuna ukwe. Basi mchokoze, akasema, uandike anavyojibu.

Nikaanza. Saa mbili asubuhi nilikuambia nyie Wazaramo kazi yenu ngoma. Ukajibu, "Na nyie mlifika Pwani mmejitwisha mizigo ya watu, ndiyo maana shingo fupi." Nikaweka tano. Saa tano nikakuchokoza tena, ukanitazama kama hunijui, machozi yakakulenga. Nikaweka moja, na aibu ikanishika. Saa saba, dawa ya mchana imeshakolea, ukaniuliza huu wali ni wa kula au wa kujengea.

Wiki ilipoisha, karatasi ilionyesha kitu kilekile siku zote. Dawa ikikaribia kuisha mwilini, saa tano na tena saa kumi jioni, moyo wako ulikuwa unazama. Na lile neno la kukungoja ufe ulilisema saa kumi. Daktari akazigawa dawa, ndogondogo, kwa kukaribiana. Zile saa mbaya hazikwisha, ila zilifupika, nami nikaendelea kuandika kila siku. Nilipokusomea karatasi ulinishika mkono.

"Yale ya saa kumi usiyabebe, mwanangu. Hayakutoka kwangu."

Niliyatua palepale, Mama. Nikafungua nguo zangu. Ila wifi hakuwepo, na kabla hujamwambia nimonia ikakuwahi.

Juzi, watu walipoondoka baada ya dua, nikampa zile karatasi zote. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Halafu akaniuliza kama ipo ya Jumatano ya mwisho kabla hujalazwa. Kumbe siku hiyo ulimwambia kwenye simu asikanyage tena hapa, na amekuzika akijua umemkataa. Siku arobaini hakumwambia mtu.

Tukaitafuta. Alipiga saa tano kasorobo. Kwenye saa tano nilikuwa nimeandika moja. Kwenye saa saba nilikuwa nimeandika nne, na pembeni, kwa mwandiko wangu mbaya: "Anauliza binti yake anakuja lini, amwekee samaki."

Wifi alisoma mstari ule mara tatu. Akalaza kichwa mapajani mwangu akalia, kisha akacheka, nami nikacheka naye. Akaniomba radhi kwa ule uji, nikamwambia hana deni kwangu.

Pumzika, Mama. Hakuna kati yetu aliyebaki na neno lako baya moyoni. Ijumaa tutakusomea Yasini, yeye na mie, kwenye mkeka mmoja. Na nakuahidi, maadamu nipo, nyumba hii haitakuwa na ndugu wasiosemezana.

Mie mkweo,
Mama Salma