Lori la Chai na Shamba la Sekela

Mama,

Ugonile! Huku Kawetele mvua haina adabu, hata kadi hii imelowa. Jana ilikuwa siku ya lori la mnunuzi mpya wa chai, na likikupita, majani yanakomaa shambani na hayanunuliki tena. Mama Mkubwa alishabeba kapu, nami nyuma yake. Ghafla akasimama: "Jirani yetu Sekela amelazwa hospitali. Chai yake nani atachuma?"

Mama, akawaita wenzake, na kikundi chao kizima cha maombi kiliacha mashamba yao kikaingia kwa Sekela kikiimba! Mimi nikavunja matawi mazima, wakacheka hadi wimbo ukakatika: "Majani mawili na kichipukizi, mwanetu! Hatuchanji kuni!"

Lori likafika. Dereva akapakia chai ya Sekela, kisha akamuuliza Mama Mkubwa, "Na chai yako leo iko wapi?"

"Umeshaipakia, baba."

Vidole vinaniuma, na nina furaha kama ya Krismasi! Sasa najua ulikojifunzia kumpelekea jirani sahani kabla sisi hatujala. Nilikuwa nanuna, Mama. Nisamehe.

Mungu akutunze mpaka nikukumbatie. Nikirudi, sahani ya jirani naipeleka mimi.

Mwanao,
Tusa