Mizani yangu imetolewa darasani

Ijumaa. Niko na miaka sabini na nane, nimeoa na kuzika bake babili, nimeona programu tatu za masomo zikikufa. Leo inspekta wa shule amenikuta darasani nikifundisha batoto aljebra kwa mizani na maharagi, amesema, "Mzee, maharagi si aljebra. Hayamo ndani ya programu mupya."

Ile mizani ya mbao niliichonga mimi, hakuna fundi mwingine Kamembe angeiweza. Huku kafuko kamoja kalikoshonwa kakafungwa, pembeni yake maharagi mawili; kule maharagi saba. Batoto banatoa mawili pande zote, banajua kafukoni muko tano.

Inspekta akapasua kafuko, akahesabu. Batoto bakacheka: "Papa inspekta, si tulikuambia ni tano?"

Akakasirika, akaamuru mizani itoke darasani. Mizani nimeibeba nyumbani, na batoto batakariri zile herufi za aljebra, x na y, bila kuelewa.

Anayebisha amuulize Maman Furaha, mwalimu wao. Anaogopa kufukuzwa kazi, lakini aliona.