Magunia Niliyoyakisia

Mjukuu wangu Koku,

Huku Kaagya hatujambo. Bibi yako amepona goti, analima. Unauliza umjibu nini bosi anayetaka makisio ya mauzo, nawe huna uhakika.

Nilipokuwa karani wa kupokea kahawa ya wakulima, meneja wetu aliniuliza yatakuja magunia mangapi, ili akodi malori. Wakulima walikuwa wameniambia "mengi kiasi" tu. Kwa kuogopa kufukuzwa, nikaandika mia mbili. Yakaja tisini, lori la pili likarudi Bukoba tupu.

Msimu uliofuata alipouliza tena nilimjibu, "Hayapungui themanini, hayazidi mia na hamsini. Zaidi ya hapo sijui."

Akakodi lori moja na kuomba la pili lisubiri. Kumbe alihitaji kujua pia nisichokijua.

Ninakuwaza,
Babu yako