Alama za Vema za Kila Jumatatu

Chumba cha Kompyuta,
Ghorofa ya Pili, Hospitalini.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila goti la Baba bado linamsumbua na habari ya kutembea na fimbo hataki hata kuisikia.

Kabla sijasahau: ile flashi yenye sauti ya marehemu Mama, niliyokushonea ndani ya koti siku unaondoka, iko salama? Ishike mkononi huku unasoma. Nina sababu.

Sasa habari yenyewe, maana nimeshindwa kutulia. Juzi Ijumaa nilikwenda kwenye kongamano la hifadhidata! Wewe si ulinicheka kwamba kazi yangu ni kuchunga majedwali? Basi tulijaa wachunga majedwali mia mbili ukumbi mmoja. Wanaoliendesha ni watu wa kujitolea tu. Siku ya pili kuingia ni bure, lakini ya kwanza ni ya mafunzo na inalipiwa. Nilimganda mganga mkuu wiki tatu, akalipa ili apumue.

Nilifika mapema mno, kama kawaida yangu. Mama mmoja mwenye fulana ya kijani akanivisha kadi, kisha akaenda kupanga viti. Nami nikamwita, "Mama, ukimaliza hapo nitafutie soketi." Akanitafutia. Saa tatu kamili namwona anapanda jukwaani na kipaza sauti. Kumbe ndiye mwalimu wa siku nzima! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akauliza nani huweka nakala ya akiba ya data zake. Mikono yote juu, wangu juu kuliko yote. Akauliza nani amewahi kuifungua akaona kilichomo. Mikono ikashuka taratibu, Kaka, ukumbi mzima. Akasema, "Haya, fungueni sasa hivi."

Nikafungua ya hospitali kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Vichwa vya safu vilikuwepo: jina, umri, kundi la damu, dawa. Chini yake patupu! Miaka miwili, kila Jumatatu, nabonyeza, naona imeandikwa "imekamilika", natia alama ya vema daftarini. Kumbe siku moja ya majaribio niliiagiza mashine inakili majedwali bila yaliyomo, nikasahau kuondoa agizo hilo. Wagonjwa wetu wote walikuwa kwenye mashine moja tu, kuukuu, yenye feni inayokohoa. Ingezima siku hiyo, basi tena.

Yule mama wa soketi akaja akaketi sakafuni kando yangu, akala chakula chake cha mchana hapo hapo huku tunarekebisha. Neno moja tu la kufuta! Nikampigia simu fundi mwenzangu hospitalini, akanakili upya, akaifungua nakala kwenye mashine ya pili.

"Wapo!" akapiga kelele. "Wanateremka tu, dada, hata siwamalizi!"

Nikaruka, nikamkumbatia mwalimu na sahani yake. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kufurahi hivyo kazini, nakwambia kweli. Kesho nitamweleza mganga mkuu kila kitu mwenyewe, na mashine mpya nitaiomba papo hapo, kabla hajamaliza kukasirika.

Baba anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Nisalimie Shemeji, na watoto waambie shangazi yao amewakumbuka. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Haya, flashi. Juzi nilipofika nyumbani niliifungua nakala yangu ya sauti ya Mama. Jina la faili lipo, sauti hamna. Imebaki yako tu. Usiniandikie kwamba ipo, Kaka. Ichomeke, uisikilize mpaka mwisho, kisha niandikie Mama anasema nini.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, nisiye na subira,
Kiherehere