Jiwe la Wanja Kwenye Kijaluba cha Mama

Kwako Dada yangu Bi Raya,
Konde, Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuuliza hali yako na ya magoti yako, na kama mvua imewaachia jua la kuanikia karafuu. Mimi ni mzima kwenye baridi ya vilima hivi vya kaskazini mwa Uingereza. Nakula, nafanya kazi, nagombana na watu kama kawaida yangu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umenikatia mara mbili nilipokutajia wanja wa mama, na karatasi haikatiki. Anayekuletea ni jirani yangu wa huku anayerudi nyumbani likizo, nami nimemwapisha asinyanyuke kitini mpaka umalize kusoma.

Mara ya mwisho uliniambia, "Weye Faki, tangu utoto hujui kunyamaza. Sasa wamtukana mama yetu kaburini?" Kisha ukakata simu. Dada, simtukani mama. Nataka unisikilize kabla ya arobaini ya uzazi ya Mize, binti yangu uliyemlea wewe, maana najua siku hiyo kichanga chake kitatolewa nje na wewe ndiye utakayekipaka wanja. Mize mwenyewe ameniambia kwa sauti ya chini, "Baba, mie siwezi kumkatalia shangazi." Basi neno liko kwako peke yako.

Unajua ninapofanya kazi: mgodi wa zamani wa madini ya risasi, ulioachwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Siku hizi nawaongoza wageni ndani yake nikiwa na kofia ngumu na taa kichwani. Mawe yake ni ya chokaa, ndugu wa mawe ya pwani yetu, ila haya ni wazee mno. Zamani sana yalipasuka, maji ya moto yenye chumvi yakapanda kutoka chini kupitia nyufa, na yalipopoa yakaacha ukutani kila yalichokibeba. Ndiyo maana unaona mishipa ndani ya mwamba: mmoja mweupe kama nazi iliyokunwa, mwingine wa zambarau kama ganda la biringani, na katikati mshipa wa kijivu unaong'aa kama kioo. Huo wa kijivu ndio wachimbaji waliokuwa wakiutafuta. Mabwana wenye ardhi wakaezekea majumba yao risasi hiyo, wachimbaji wakafa na vifua vibovu, na mali ilipokwisha wakubwa wakaondoka, wakaacha malundo ya kifusi. Mpaka leo majani hayaoti pale, na wafugaji wamezungusha waya kondoo wasikaribie. Kinachoota ni ua moja dogo jeupe lililojifunza kuishi na sumu. Nalipenda ua hilo, ingawa halijanifundisha kuwasamehe mabwana wale.

Wiki yangu ya kwanza, Bi Helen, mtaalamu wa miamba aliyenifunza kazi, aliniwekea mkononi kipande cha jiwe lile la kijivu. Nikalijua kwa uzito wake kabla sijalitazama vizuri.

"Hili ni wanja," nikamwambia. "Kwetu tunalisaga."

"Mnalifanyia nini?"

"Tunapaka machoni."

"Na watoto?"

"Watoto kwanza."

Akalichukua jiwe mkononi mwangu. Kisha akaniambia kuwa ndani ya jiwe hilo mna risasi, ile ile wavuvi wa Kojani wanayofunga kwenye nyavu zao zizame. Nikamjia juu, Dada. Nikamsomea habari zote za wakoloni waliotuona wajinga, nikamaliza kwa kusema mimi nimepakwa tangu mchanga na macho yangu mazima.

Akaitazama miwani yangu. "Naona," akasema.

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Ndipo akanieleza polepole kuwa sumu yake haikai jichoni. Mtoto hujifikicha jicho, hulamba vidole, ikaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Huchelewa kusema, huchelewa kujifunza, na nyumba nzima haijui kwa nini.

Sikumwamini. Nilisoma wiki tatu, vitabu vya miamba na vya madaktari, nikitafuta pa kumshindia. Sikupapata. Wewe unanijua, unajua inavyoniuma kuandika maneno hayo.

Utasema wanja ni sunna. Sibishani na dini yangu. Lakini ithmidi, wanja uliotajwa kwenye hadithi za Mtume, kwa waliosoma madini ni jiwe jingine kabisa, na haya mawili hufanana yakiwa dukani. Mfanyabiashara anayekufungia jiwe kwenye karatasi isiyo na jina hajakuuzia sunna, amekuuzia jiwe. Hasira yangu ni juu yake, na juu ya wanaojua wakakaa kimya. Mama alitupaka kwa mapenzi na kwa elimu aliyokuwa nayo. Angelijua, jiwe lile lisingelilala ndani ya kijaluba chake, kile kikebe alichokuachia wewe, hata siku moja.

Kwa hiyo sikuombi uniamini. Liulize jiwe lenyewe. Litoe kwenye kijaluba, lifunge kwenye kitambaa kikuukuu, lipige kwa mchi nje ya nyumba, mbali na mtoto, kisha unawe mikono na ukitupe kitambaa. Likivunjika vipande virefu kama sindano, mimi ni mwongo. Nitakuja kukuomba radhi mbele ya mtaa mzima, ingawa bado nitasema jicho la kichanga halihitaji jiwe lolote. Likivunjika visanduku vidogo vyenye kona kama dadu, basi ni lile lile la huku mgodini.

Msalimie shemeji, mumeo mvumilivu, umwambie nimekumbuka ugomvi wetu wa bao na bado alinidanganya. Mfikishie salamu mwalimu wa chuo aliyetufunza Kurani, na mama yule jirani aonjaye kila chungu chako. Mbusu Mize.

Na visanduku vikitoka, Dada, usiniombe radhi, sitaki. Washa taa ya mafuta, funika kigae juu yake, kusanya masizi, uchanganye na samli kidogo. Umpake mjukuu wetu kwenye nyusi tu, nene kama alivyopenda mama, watu wajue ametolewa nje na Bi Raya.

Mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Faki