Uzee wa Baba Ndani ya Akaunti ya Dada

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Napenda kusoma masharti. Ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, maandishi madogo nyuma ya risiti, yale ya simu ambayo kila mtu anabonyeza "nakubali" bila kutazama – mimi nayasoma mpaka mwisho. Hayanitaki niseme kitu. Wenzangu shuleni wakijua watanicheka mpaka mwaka uishe.

Naandika haya kwa sababu ya jana. Baada ya sala na chakula, kama kila Ijumaa, simu ya Baba iliwekwa mezani, imeegemea kopo la sukari, spika juu, sote tukamzunguka Dada Ruweida. Kwake ni asubuhi, ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku. Ana mwaka mmoja sasa Kanada, anauguza wazee kwenye nyumba wanamotunzwa. Tunamsalimu kwa zamu. Hakuna anayezungumza naye peke yake – itaonekana kuna siri.

Baba akatangaza: anauza kiwanja cha Mwatate! Pesa zote zinakwenda kwa Ruweida, kwenye akaunti yake ya akiba ya uzeeni, zikae na zile alizotuma Aprili alipouza lori. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi, hana pensheni. Anasema pesa zikibaki hapa zitaliwa – leo harusi, kesho mgonjwa, kesho kutwa mtu na shida yake mlangoni. Zikiwa kwa binti yake ni amana. Hata kuhusu riba alishauliza msikitini, na Dada akatafuta mfuko usio na riba.

Ami Mansur, mdogo wake Baba, alikuwa anatafuna tende. "Kule kila mfanyakazi anaruhusiwa kuweka dola elfu thelathini na mbili kwa mwaka! Na serikali haizigusi. Sisi hapa tunachezea mchanga tu."

Kwenye kiwanja kile ndiko Mama alikotaka kujenga vyumba vya kupangisha. Aliinuka akaenda kuosha sahani zilizokuwa zimeshaoshwa.

Ruweida alisema, "Ndiyo, Baba." Basi.

Neno moja halikunikaa vizuri. "Kila". Sijawahi kuona masharti yenye "kila" yakakosa "isipokuwa".

Jumapili, 5 Oktoba

Nimesoma tovuti ya watoza kodi wa Kanada. Bando la Mama limekwisha, sijamwambia.

Ya Rabi!

Ami Mansur hakudanganya, namba ile ipo. Lakini hicho ni kikomo cha juu kabisa, cha watu wenye mishahara mikubwa. Nafasi ya mtu mmoja mmoja inatokana na kipato chake mwenyewe cha mwaka uliotangulia, tena alichokipata kule kule. Asilimia kumi na nane yake. Mgeni anayeanza tu kazi, mwaka wake wa kwanza nafasi huwa sifuri. Sifuri!

Dada alianza kazi Novemba mwaka jana. Kwa hiyo nafasi yake ya mwaka huu inatokana na mishahara miwili tu, wa Novemba na wa Desemba. Nimepiga hesabu: dola elfu moja na kitu.

Baba alituma elfu kumi.

Kuna elfu mbili wanazokuachia ukizidisha kwa kukosea. Zaidi ya hapo ni asilimia moja, kila mwezi, mpaka uzitoe. Kila mwezi! Tangu Aprili! Na sasa anataka kupandisha kiwanja kizima juu yake.

Labda nimesoma vibaya. Natamani niwe nimesoma vibaya.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilinakili kanuni ile kwa mkono, nikaenda kumsubiri Mwalimu Mwangangi wa Biashara nje ya ofisi. Nikakaribia kurudi darasani. Mbinya, ninayekaa naye dawati moja, akanisukuma mlangoni. "Ingia bwana! Mtu anasoma kodi za Kanada na kumdai mama wa kantini chenji anaogopa!"

Mwalimu alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akaniuliza: basi limeandikwa abiria sitini na mbili, wewe umekata tiketi moja. Utakalia viti vingapi?

Nikasema kimoja.

"Basi umesoma sawasawa. Huyu mgeni aliyezidisha ni nani?"

Nikasema ni mfano tu.

"Mfano wako una baba na mama, naona." Akanirudishia karatasi. "Kamwambie mapema."

Kumwambia nani? Mimi ambaye hata kuitikia jina wakati wa rejista naitikia kwa mkono!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwandikia Dada peke yake. Kitu ambacho hatufanyi nyumbani kwetu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mwisho nimetuma: "Dada, nafasi yako ya akiba mwaka huu ni kiasi gani?"

Ameona. Hajajibu.

Bwana Ngui, anayenunua kiwanja, alipita dukani. Mfugaji wa Ndara, mtu wa maneno machache. Ijumaa atakuja na pesa, watie saini. Baba amewanunulia soda watu wote dukani, anacheka na watu asiowajua. Anawaambia binti yake anamwekea uzee wake ughaibuni.

Jumatano, 8 Oktoba

Alijua. Alijua!

Nilipotoka shule nilikuta amenitumia sauti, nikaenda kusikiliza nyuma ya tangi la maji. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Firdaus, nani mwingine anajua?"

Anajua tangu Juni. Mwenzake kazini, Mfilipino, ndiye aliyemshtua. Benki haikumzuia, kwa sababu benki haijui nafasi ya mtu ni kiasi gani – ni juu yake mwenyewe kujua. Tozo inazidi kuongezeka mwezi kwa mwezi na mwaka ujao atadaiwa yote. Anajitayarisha. Siku zake za mapumziko anafanya zamu za watu wengine. Kumbe ndiyo maana Ijumaa macho yake yanakuwa vile! Sisi tunamwambia amenawiri.

Nikamuuliza kwa nini asizitoe tu.

Alinijibu polepole, kama anavyozungumza na wagonjwa. Ukizitoa hivi hivi benki inakata kodi kwanza. Kuna fomu ya kuomba wasikate, anayo, ameshaijaza. "Lakini zikirudi Voi, Baba atauliza zimerudia nini. Alinikabidhi mbele ya watu, mdogo wangu. Alisema amana. Nitamwambia amana yake niliiweka mahali inapoliwa? Afadhali niliwe mimi."

Na kiwanja? nikauliza.

Ukaja ujumbe mwingine: "Nitaongeza zamu. Usimwambie Baba. Niapie."

Sikuapa. Sikukataa. Mama aliniita nikawatilie kuku maji, nikaenda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilijaribu kwa Mama. Alikuwa anakanda unga wa mahamri. Nikasema, Mama, kile kiwanja… Akasema mambo ya kiwanja nimwachie baba yangu, yeye mwenyewe amemwachia. Akaendelea kukanda, akauliza, "Kwani una nini?"

Nikasema sina kitu.

Mwoga! Mwoga mkubwa mimi!

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo Siku ya Mazingira, hakuna shule. Niandike haraka.

Bwana Ngui alifika baada ya sala, na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Mkataba ukatandazwa mezani. Ami Mansur shahidi. Simu pale pale pake, spika juu. Mimi nilipewa sinia ya chai nipeleke.

Baba akasema, "Ruweida, amana ya pili hii, mama. Nataka useme mbele ya Bwana Ngui na ami yako kwamba umeipokea."

"Nime–" Akakohoa. Uso wake kwenye skrini ulikuwa wa kijivu. Bado alikuwa amevaa nguo za kazi. "Baba, nime–"

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Baba, Dada hana nafasi."

Ami Mansur akacheka. "Hana nafasi? Nchi kubwa yote ile? Weka chai, bibi mdogo, wakubwa wanaongea."

"Nafasi ya kuweka akiba, Ami. Wewe ulitaja kikomo cha watu wote. Yeye ni mgeni, ana dola elfu moja na kitu tu. Za lori zimeshazidi. Anatozwa kila mwezi."

Bado nilikuwa nimeshika sinia.

Baba hakunitazama. Aliinamia simu. "Ruweida. Huyu anasema nini?"

Nikamsikia dada yangu, mtu mzima, muuguzi, analia. Mbele ya Bwana Ngui!

"Nisamehe, Baba."

"Tangu lini?"

"Nilijua Juni."

"Na wewe utalipa kwa pesa gani?"

"Za zamu."

Sijawahi kuuona uso wa Baba vile. Hasira nimeizoea. Haikuwa hasira. Alionekana mzee. Leo, papo hapo, alionekana mzee.

Ami Mansur akaanza, "Lakini mimi niliambiwa kikomo ni–"

"Mansur, nyamaza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakuondoka.

Bwana Ngui akajikuna shingo. Akasema yeye si wa kuingilia mambo ya watu, pole kwa msichana anayelia, lakini ng'ombe ameshawauza na kuna mwenye kiwanja mwingine Mwatate anamngoja jioni. Tunatia saini ama hatutii? Akamnyooshea Baba kalamu.

Na Baba akaipokea! Akaishika juu ya karatasi macho yakiwa kwenye simu. Nadhani hakujua mkono wake unafanya nini.

Nilichofanya ni hiki. Niliweka sinia chini, sakafuni, kwa sababu meza ilikuwa imejaa. Nikaitoa kalamu vidoleni mwa Baba. Hakuishikilia. Nikamwambia Bwana Ngui, samahani sana, mzee. Nikapita mbele ya Mama, nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

Wako bado sebuleni. Baba anauliza, Dada anajibu, maneno siyapati vizuri. Bwana Ngui anamuuliza Mama kalamu yake imeenda wapi. Mama anasema hakuona.

Ninaandika nayo.